Zama za ukombozi zitadumu miaka mingapi? Majibu ya marabi wa Kiyahudi

Swali la lini Masihi atakuja limeulizwa kwa karne nyingi, na wengi wetu tumelisikia. Lipo swali la pili ambalo halisikiki sana: akishakuja, zama zake zitadumu muda gani? Miaka arobaini? Mia nne? Elfu saba?

Katika Talmudi ya Babeli, hazina kuu ya mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, swali hili limejibiwa waziwazi, lakini si kwa jibu moja. Sehemu moja fupi ya kitabu kinachoitwa Sanhedrini, kwenye karatasi ya 99, ina majibu manane tofauti. Linaongezwa na la tisa, la rabi aliyesema kwamba Waisraeli hawana Masihi wa kumngojea tena.

Makala haya yanaeleza majibu hayo yametoka wapi na kwa nini yanatofautiana. Tunaeleza pia kwa nini hesabu hizi za wanazuoni wa kale hazikubaki vitabuni, bali ziliwagusa watu wa kawaida majumbani mwao.

Kwanza, tuelewane kuhusu maneno

Marabi tunaowazungumzia hapa ni walimu wa sheria na Maandiko walioishi Palestina na Babeli, yaani Iraki ya leo, katika karne tano au sita za kwanza baada ya Kristo. Wale wa Palestina huitwa Rabi, na wengi wa Babeli huitwa Rav. Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70 BK, Wayahudi walibaki bila madhabahu na bila mfalme. Walimu hawa ndio waliobeba dini kupitia masomo, sala na sheria za maisha ya kila siku. Mafundisho yao ya mwanzo yalikusanywa katika Mishna, karibu mwaka 200 BK. Mijadala iliyofuata ikaja kuunda Talmudi mbili, ya Palestina na ya Babeli.

Jambo la pili ni tofauti kati ya "siku za Masihi" na "ulimwengu ujao". Mara nyingi watu huchanganya mambo haya mawili. Marabi wengi waliyatenganisha. Siku za Masihi ni kipindi ndani ya historia ya dunia hii: mfalme wa ukoo wa Daudi anatawala, Waisraeli waliotawanyika wanarudi kwao, na mataifa makubwa hayawakandamizi tena. Ulimwengu ujao ni malipo ya mwisho ya waja wema, jambo ambalo Rabi Yohanan alifundisha kwamba hata manabii hawakulielezea, kwa kuwa utabiri wao wote ulihusu siku za Masihi tu.

Tofauti hii ndiyo inayolifanya swali letu liwe na maana. Kama siku za Masihi zingekuwa ndizo umilele wenyewe, kusingekuwa na haja ya kuhesabu miaka. Lakini kama ni kipindi kilicho kati ya historia tunayoijua na ulimwengu ujao, basi kina mwanzo na kina mwisho, na mtu anaweza kuuliza urefu wake.

Furaha inayopimwa kwa mateso: miaka 40 na miaka 400

Rabi Eliezer, mmoja wa walimu wakubwa wa kizazi kilichoshuhudia Hekalu likianguka, alisema miaka 40. Talmudi imehifadhi njia mbili alizotumia kufikia idadi hiyo. Ya kwanza ni Zaburi ya 95, inayotaja miaka arobaini ambayo Mungu alichukizwa na kizazi cha jangwani. Ya pili ni ya kuvutia zaidi. Zaburi ya 90 ina ombi kwamba Mungu awafurahishe watu wake kwa kadiri ya siku alizowatesa. Rabi Eliezer aliuliza: siku hizo za mateso zilikuwa ngapi? Akarudi kwenye Kumbukumbu la Torati, panapoelezwa jinsi Mungu alivyowatesa na kuwaonjesha njaa Waisraeli jangwani. Safari ile ilichukua miaka 40. Basi na furaha itakuwa ya miaka 40.

Rabi Dosa alilichukua ombi lilelile la Zaburi ya 90, akafuata njia ileile, lakini akatoka na idadi nyingine: miaka 400. Kwa nini? Kwa sababu alipouliza mateso yalikuwa ya muda gani, yeye hakutazama jangwa bali Misri. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu anaambiwa kwamba uzao wake utatumikishwa na kuteswa katika nchi ya ugeni kwa miaka 400.

Hapa tunaanza kuona namna marabi walivyofanya kazi. Wote wawili walikubaliana juu ya kanuni: ukombozi ni fidia, nayo fidia hulingana na hasara. Walitofautiana juu ya hasara ipi ndiyo kipimo. Idadi ya miaka ilikuwa matokeo tu ya swali hilo.

Idadi ya 400 haipatikani kwa marabi peke yao. Kitabu cha Kiyahudi kinachojulikana kama Ezra wa Nne, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza BK, miaka michache baada ya Hekalu kuanguka, kinasema katika tafsiri yake ya Kilatini kwamba Masihi atakaa na watu wake miaka 400, kisha atakufa, na ndipo hukumu ya mwisho itafuata. Katika miaka hiyohiyo kiliandikwa pia kitabu cha Ufunuo wa Yohana, ambacho wasomaji Wakristo wanakifahamu, na ambacho kinataja utawala wa miaka 1,000. Ni wazi kwamba wazo la kipindi chenye mipaka kabla ya mwisho lilikuwa likizungumzwa sana katika kizazi kile.

Mfalme mmoja, vizazi vitatu, mwaka mmoja

Rabi Elazar ben Azaria alisema miaka 70. Alilipata jibu lake katika kitabu cha Isaya, mahali panapohusu mji wa Tiro, uliokuwa kitovu cha biashara ya baharini pwani ya Lebanoni ya leo. Nabii anasema Tiro itasahauliwa miaka 70, sawa na siku za mfalme mmoja. Huyo mfalme mmoja ni nani? Marabi walijibu: mfalme wa pekee, yaani Masihi. Kwa mtazamo huu zama za ukombozi zina urefu wa umri wa binadamu mmoja. Mtoto aliyezaliwa siku Masihi anapotawazwa angeweza kuuona mwanzo na mwisho wake.

Yehuda ha-Nasi, ndiye aliyeikusanya Mishna na ambaye Talmudi humwita "Rabi" tu bila jina, anatajwa kwa majibu mawili tofauti. Katika pokeo moja anasema zama hizo ni vizazi vitatu. Anategemea Zaburi ya 72, sala ya kumwombea mfalme, yenye maneno kuhusu kizazi na vizazi: kizazi ni kimoja, vizazi ni viwili, jumla ni vitatu. Katika pokeo jingine anasema miaka 365. Hapo anatumia mstari wa Isaya unaotaja siku ya kisasi na mwaka wa ukombozi pamoja. Mwaka wa jua una siku 365, basi kila siku ihesabiwe kuwa mwaka.

Waliokusanya Talmudi hawakuona haja ya kuchagua moja kati ya kauli hizo mbili na kuifuta nyingine. Waliziandika zote, moja baada ya nyingine.

Arusi, uumbaji na gharika

Majibu matatu ya mwisho yanapanua hesabu mara nyingi zaidi.

Avimi, mwana wa Rabi Abahu, alifundisha kwamba siku za Masihi ni miaka 7,000. Isaya anafananisha furaha ya Mungu kwa Yerusalemu na furaha ya bwana arusi kwa bibi arusi. Kwa desturi ya Kiyahudi, sherehe za arusi huendelea siku saba. Na kwa mujibu wa Zaburi ya 90, miaka elfu mbele ya Mungu ni kama siku moja. Siku saba za arusi ya Mungu basi ni miaka elfu saba.

Rav Yehuda alimnukuu mwalimu wake Shmueli, aliyeishi Babeli katika karne ya 3, kwamba siku za Masihi zitakuwa na urefu sawa na muda wote tangu dunia iumbwe hadi sasa. Aliegemea ahadi ya Kumbukumbu la Torati kwamba watu watakaa katika nchi yao kadiri mbingu zinavyodumu juu ya dunia. Rav Nahman bar Yitzhak, wa karne ya 4, alipunguza kidogo: ni sawa na muda tangu Nuhu hadi sasa. Yeye alitumia mahali ambapo Isaya analeta mfano wa maji ya Nuhu na kiapo cha Mungu cha kutoifunika dunia tena kwa gharika.

Tukiyaweka majibu haya mbele yetu kwa pamoja, tunaona kwamba kila idadi imebeba picha yake ya ukombozi. Aliyesema 40 au 400 aliuona kama fidia. Aliyesema 70 aliuona kama enzi ya mfalme mwema, naye wa vizazi vitatu aliuona kama ukoo unaoshika utawala na kuurithisha. Aliyesema 7,000 aliona arusi. Shmueli aliona nusu ya pili ya historia, yenye urefu sawa na ile ya kwanza. Rav Nahman aliona agano na wanadamu wote, kwa kuwa agano la Nuhu halikuwa la Waisraeli pekee.

Rabi aliyesema hakuna

Kati ya majibu haya yupo Rabi Hileli. Huyu si Hileli Mzee, mwalimu mashuhuri wa zama za mfalme Herode, bali ni mwalimu mwingine aliyekuja baadaye. Alisema Waisraeli hawana Masihi tena, kwa sababu walishampata na kummaliza katika siku za Hezekia.

Hezekia alikuwa mfalme wa Yuda mwaka 701 KK, jeshi la Senakeribu wa Ashuru lilipouzingira mji wa Yerusalemu na kushindwa kuutwaa. Talmudi inasimulia, kurasa chache kabla, kwamba Mungu alitaka kumfanya Hezekia kuwa Masihi, lakini jambo hilo halikutimia kwa sababu mfalme huyo hakuimba wimbo wa shukrani baada ya kuokolewa. Rabi Hileli alikwenda mbali zaidi: ahadi zilitimia wakati ule, na mlango umefungwa.

Rav Yosef, aliyeongoza chuo cha Pumbedita huko Babeli mwanzoni mwa karne ya 4, alishtuka. Alimwombea Rabi Hileli msamaha kwa Mungu, kisha akamjibu kwa hoja ya kihistoria. Hezekia aliishi wakati wa Hekalu la Kwanza. Nabii Zekaria alitabiri wakati wa Hekalu la Pili, baada ya Hezekia kufa zamani, na bado alizungumzia mfalme atakayekuja akiwa amepanda punda. Basi ahadi haikuwa imekwisha.

Kauli ya Rabi Hileli haikufutwa. Ilipingwa, lakini ikabaki. Rashi, mfasiri mkubwa wa Talmudi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, aliilainisha kwa kueleza kwamba Rabi Hileli hakukana ukombozi wenyewe, bali alimaanisha Mungu atawakomboa watu wake mwenyewe bila mfalme wa kati. Katika karne ya 15 huko Hispania, mwanafalsafa Joseph Albo aliitumia kauli hiyo kuonyesha kwamba imani juu ya Masihi, japo ni ya lazima, si mzizi ambao dini yote inasimama juu yake. La sivyo, alisema, Rabi Hileli asingehesabiwa miongoni mwa wanazuoni.

Wiki ya dunia

Karatasi mbili kabla ya orodha hii, Talmudi ina hesabu nyingine ambayo imekuwa maarufu zaidi. Rav Katina alifundisha kwamba dunia itadumu miaka 6,000, kisha itakuwa ukiwa miaka 1,000, kama vile shamba linavyolimwa miaka sita na kupumzishwa mwaka wa saba. Pokeo jingine linaigawa miaka hiyo 6,000 katika mafungu matatu: miaka 2,000 ya utupu kabla ya Torati, miaka 2,000 ya Torati, na miaka 2,000 ya siku za Masihi. Linaongeza maneno ya uchungu: kwa sababu ya dhambi zetu, sehemu ya miaka hiyo ya mwisho imeshapita bure.

Kwa kalenda ya Kiyahudi inayotumika leo, mwaka wa 4,000 uliangukia karibu mwaka 240 BK. Maana yake ni kwamba mlango wa ukombozi ulipaswa kufunguka karne ya 3, na waliolihifadhi pokeo hili walijua kuwa haukufunguka. Mwaka wa 6,000 kwa kalenda hiyohiyo utaanza mwaka 2239.

Mtu anaweza kujaribu kuziunganisha hesabu zote hizi, lakini hazishikani. Miaka 7,000 ya Masihi haiwezi kuingia ndani ya miaka 6,000 ya dunia. Wafasiri wa baadaye walitafuta njia za kuzipatanisha, lakini Talmudi yenyewe haikufanya hivyo. Katika masuala ya sheria, kama vile ndoa, deni au chakula, marabi walibishana hadi njia ya kufuata ikajulikana, kwa sababu mtu lazima ajue afanye nini kesho asubuhi. Urefu wa siku za Masihi haukuhitaji uamuzi wa aina hiyo. Rabi angeweza kusema 40 na jirani yake 7,000, na wote wawili wakasali pamoja.

Walichokiogopa

Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo marabi walilikemea kwa ukali, nalo ni kupiga hesabu ya tarehe. Rabi Shmuel bar Nahmani, kwa jina la Rabi Yonatan, aliwalaani wanaokokotoa mwisho wa nyakati. Sababu aliyoitoa ni ya kibinadamu kabisa: tarehe ikifika na Masihi asitokee, watu watasema basi hatakuja kamwe. Afadhali kumngoja bila tarehe kuliko kumpoteza kwa sababu ya tarehe.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 132 BK Simon bar Kokhba aliongoza uasi dhidi ya Roma. Rabi Akiva, mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, alimtangaza kuwa mfalme Masihi. Mwenzake, Rabi Yohanan ben Torta, alimjibu kwamba majani yataota mashavuni mwa Akiva kaburini na Masihi atakuwa bado hajafika. Mwaka 135 Roma iliuzima uasi huo kwa umwagaji mkubwa wa damu. Kiongozi huyo aliuawa, na Wayahudi wakakatazwa kuingia Yerusalemu.

Baada ya hapo swali lilibadilika. Rav, mwalimu wa karne ya 3, alisema tarehe zote zilizokisiwa zimepita, na sasa jambo linategemea toba na matendo mema tu. Upo pia mjadala kati ya Rabi Eliezer na Rabi Yehoshua: je, watu wasipotubu hawatakombolewa kabisa, au ukombozi utakuja wakati wake hata hivyo? Mjadala huo nao una uzito kuliko idadi yoyote ya miaka, kwa sababu unauliza kama binadamu ana mkono katika kuja kwa zama hizo.

Maimonides: mfalme atakayekufa

Miaka mia kadhaa baadaye, Musa ben Maimoni, anayejulikana zaidi kama Maimonides, aliitazama orodha hii ya Talmudi kwa macho ya daktari na mwanafalsafa. Alizaliwa Córdoba, Hispania, akaishi na kufanya kazi Misri, na akafariki mwaka 1204.

Katika ufafanuzi wake wa Mishna, alioumaliza mwaka 1168, alisema waziwazi kwamba Masihi atakufa kama watu wengine. Mwanawe atatawala baada yake, kisha mjukuu wake. Ufalme huo utadumu muda mrefu sana, na alisema haitashangaza ukifika maelfu ya miaka. Sababu si muujiza. Jamii njema ikishasimama, alieleza, haivunjiki upesi. Hata umri wa watu utarefuka, kwa kuwa wasiwasi na taabu zitakuwa zimepungua.

Katika kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishne Tora, alimfuata Shmueli, yule yule wa Babeli, aliyefundisha kwamba hakuna tofauti kati ya dunia ya sasa na siku za Masihi isipokuwa kukoma kwa kutawaliwa na mataifa. Jua litachomoza kama kawaida. Wanazuoni hawakuzitamani siku hizo ili wale, wanywe na watawale wengine, bali ili wapate nafasi ya kusoma Torati na kutafuta hekima bila kusumbuliwa. Kuhusu mafundisho ya undani ya nyakati hizo, alishauri mtu asiyafanye kuwa shughuli yake kuu, kwa sababu hayamwongezei hofu ya Mungu wala upendo. Alikataza pia kukokotoa mwisho.

Lakini kukataza ni jambo moja, na kuwatuliza watu wenye maumivu ni jingine. Karibu mwaka 1172 Wayahudi wa Yemeni walimwandikia. Walikuwa wakilazimishwa kubadili dini, na katikati yao alikuwa ametokea mtu aliyejitangaza mjumbe wa Masihi. Maimonides aliwaonya dhidi ya mtu huyo na dhidi ya hesabu. Kisha, katika waraka huohuo, akawapa pokeo la familia yake kuhusu kurudi kwa unabii, lililoangukia mwanzoni mwa karne ya 13. Hata yeye aliyekataza alijua kwamba watu waliokata tamaa wanahitaji kitu cha kushika.

Karne iliyofuata, Nahmanides wa Girona alikwenda mbali zaidi na kuandika kitabu kizima juu ya ukombozi, akitaja mwaka 1358. Mwaka huo ukafika na kupita.

Mapipa ya chakula

Madhara ya kungoja kwa tarehe yalionekana wazi zaidi miaka ya 1665 na 1666. Nathan wa Gaza alimtangaza Shabtai Tzvi, mzaliwa wa Izmir katika Uturuki ya leo, kuwa Masihi. Habari zilienea kwa barua na kwa wafanyabiashara kutoka Yemeni hadi Amsterdam. Watu walifunga saumu, wakatubu, na baadhi wakauza mali zao wakijiandaa kwa safari ya kurudi Yerusalemu.

Glikl wa Hameln, mfanyabiashara mwanamke wa Ujerumani aliyeacha kumbukumbu za maisha yake, ameeleza jinsi baba mkwe wake alivyoacha nyumba yake na kutuma mapipa Hamburg. Ndani yake mlikuwa na vitambaa, njegere, maharagwe, nyama iliyokaushwa na vyakula vingine visivyooza haraka. Mzee alitarajia kupanda meli wakati wowote. Mapipa yakakaa muda mrefu, yakingoja ishara ambayo haikuja.

Septemba 1666, mbele ya sultani wa Uthmaniya, Shabtai Tzvi aliingia Uislamu. Kwa maelfu ya familia, zama za ukombozi zilikuwa zimedumu kama mwaka mmoja tu.

Swali hili leo

Mjadala haujafungwa. Mwaka 1948, Taifa la Israeli lilipoundwa, sala rasmi iliyotungwa na marabi wakuu ililiita mwanzo wa kuchipua kwa ukombozi. Wayahudi wengi wa dini wanaounga mkono Uzayuni, wakifuata njia ya Rabi Abraham Isaac Kook aliyefariki mwaka 1935, wanauona ukombozi kama jambo linalokuja hatua kwa hatua, na kwamba hatua ya kwanza imeshaanza. Kwa upande mwingine, Rabi Joel Teitelbaum, kiongozi wa jumuiya ya Satmar, alishikilia kwamba kuunda dola kabla Masihi hajaja ni kuvunja agizo la kungoja. Wafuasi wake wanashikilia hivyo hadi leo. Wayahudi wengine wengi, hasa wa madhehebu ya kisasa, wanazungumza zaidi juu ya kipindi cha haki na amani kuliko juu ya mfalme.

Tofauti hizi zina matokeo katika siasa, katika ardhi na katika maisha ya watu. Anayeamini zama za ukombozi zimekwisha kuanza huitazama ramani na sheria tofauti na anayeamini bado hazijaanza. Ndiyo maana inafaa kujua kwamba vyanzo vyenyewe havikuacha jibu moja.

Kwa hiyo, ukimsikia mtu akidai kwamba Uyahudi unafundisha Masihi atatawala miaka kadhaa kamili, au kwamba mwaka fulani ndio mwisho, una haki ya kumuuliza: kwa mujibu wa rabi gani? Rabi Eliezer alisema 40 na Avimi alisema 7,000, nao wanakaa karatasi moja. Waliowaweka pamoja hawakuonyesha kukerwa na tofauti ya miaka yao. Kilichowasumbua ni kwamba mtu anaweza kuipenda hesabu yake kiasi kwamba, siku itakapokosea, atapoteza na tumaini lake.